Uzinduzi wa Kirusi cha Mahindi

Kabla sijaanza niseme wazi kwamba nchi yetu ni nzuri na inaendeshwa vizuri. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu, ukiwasimulia jambo tu, wanadhani unalalamika. Mimi silalamiki. Mimi ni mtumishi wa serikali daraja la nne katika Taasisi ya Taifa ya Nafaka, Kitengo cha Uzinduzi, na kazi yangu ni utepe. Naupima, naukata, naupiga pasi, naufunga kwenye nguzo mbili, kisha nasimama pembeni na sinia lenye mkasi. Mgeni rasmi akishakata, naokota vipande na kuvipeleka masjala vikahifadhiwe. Miaka kumi na tisa sasa. Jina langu Shomari, lakini taasisi nzima wananiita Bwana Utepe, na wala sichukii.

Asiyetujua anaweza kuuliza, utepe mwingi hivyo wa nini? Ni kwa sababu ya Sheria ya Uzinduzi. Zamani, kabla sijaajiriwa, Mheshimiwa Rais alikwenda kuzindua daraja akakuta nyayo juu yake. Watu walikuwa wameshavuka. Tena kulikuwa na mavi ya mbuzi. Rais alihuzunika sana, akakaa siku tatu bila kuhutubia, na nchi nzima ikaingiwa na wasiwasi. Bunge likakutana kwa dharura, likapitisha kwamba kitu chochote kipya nchini, kiwe daraja, kisima, choo cha shule au mvua za masika, hakipo mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi, na mtu atakayekitaja, kukitumia au kukikanyaga kabla ya hapo atakuwa ametenda kosa.

Tumeizoea. Mwaka juzi mvua zilitangulia kunyesha siku nne kabla ya uzinduzi wake, na watu wakaloa kimyakimya bila kumsumbua mtu. Kule kwetu Kisaunda kuna kisima kimejaa maji mwaka wa pili huu, maji safi kabisa, na wanawake wanakipita na ndoo zao kwenda mtoni. Dada yangu Mwasiti ni mmoja wao. Ukimuuliza habari za kisima, anakuuliza, "Kisima gani?" Raia mwema ndiye huyo.

Dada yangu namtaja kwa sababu habari hii inamhusu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitano, na Mwasiti, aliyekuwa na kumi na minne, akashika jembe. Nimekua kwa mahindi ya shamba moja la ekari mbili kasoro. Uji asubuhi, ugali mchana, makande Ijumaa. Sasa ni mjane, ana watoto watatu na wajukuu wawili ndani, na shamba ni lile lile. Likitoa, wanakula. Lisipotoa, hawana pengine pa kutazama.

*

Taasisi yetu ina watumishi mia mbili na arobaini. Mia mbili na thelathini na tisa tunashughulika na utawala, na mmoja anachunguza nafaka. Huyo mmoja ni Daktari Pendaeli, mama mwembamba, mtu wa maneno machache, anayeingia ofisini na mabuti ya mpira yenye tope, jambo ambalo ameshaandikiwa barua mara nyingi. Maabara yake iko mwisho wa korido, baada ya stoo ya viti vya wageni mashuhuri.

Siku hiyo nilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi napiga pasi utepe, kwa kuwa soketi yenye umeme wa uhakika ni ya kwake tu. Daktari akaingia ameshika bua zima la mahindi, na mizizi yake, akaliweka mezani juu ya ratiba ya uzinduzi.

"Mkurugenzi, tuna tatizo."

Bwana Kilumbilo, Mkurugenzi wetu, ni mtu mnene, mpole, asiyependa maneno makali. "Daktari, tulishakubaliana. Hatuna matatizo, tuna changamoto."

"Sawa. Tuna changamoto itakayomaliza mahindi ya nchi hii."

Akatuonyesha. Majani yalikuwa na michirizi ya manjano na yalikuwa yamekauka kuanzia pembeni. Katikati, pale jani changa linapochomoza, palikuwa pamekufa. Akamenya hindi lililokuwa juu ya bua. Punje zilikuwa saba tu.

"Ni kirusi," Daktari akasema. "Nimekichunguza miezi minane. Wadudu wadogo wanakibeba jani hadi jani, na hilo tungeweza kupambana nalo. Lakini kinajificha pia ndani ya mbegu. Ukiitazama ni mbegu nzima, nzuri, haina hata doa. Ukiipanda umepanda ugonjwa."

"Na bua hili umelitoa wapi?"

"Shamba la Taifa la Mbegu."

Mkurugenzi akainuka, akafunga mlango. Mimi alinisahau mle ndani, maana mtu anayepiga pasi haonekani. Shamba la Taifa ndilo linalotoa Fahari, mbegu pekee inayoruhusiwa nchini, na wakati huo mifuko ya Fahari ilikuwa imeshajaa maghalani ikisubiri masika.

"Dawa yake?"

"Hakuna dawa. Kuna kuzuia tu. Mbegu hii isitoke ghalani. Wakulima wapumzishe mahindi msimu mmoja, wapande kunde, maharage, mihogo, viazi. Kirusi hiki hakina habari na kunde. Kikikosa mahindi msimu mzima, kinapungua mpaka kinaisha. Lakini lazima wajue kabla ya mvua, na mvua ni wiki saba kutoka leo."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimekuja kwako kwanza."

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Maana hicho kitu, Daktari, bado hakijazinduliwa."

*

Msinielewe vibaya, Mkurugenzi hakukataa. Siku ile ile alimpa Daktari Fomu Namba Tisa, Maombi ya Kuzindua Kitu Kipya, nakala sita. Tatizo, samahani, changamoto, ilianzia kwenye swali la pili: je, kinachozinduliwa ni hai au si hai? Weka alama ya vema panapohusika. Daktari akaandika pembeni: "Inategemea. Kikiwa peke yake hakili, hakipumui, hakizaani. Kikiingia ndani ya mmea, kinazaana." Fomu ikarudi. Masjala wakamjibu kwamba serikali haiwezi kuzindua kitu ambacho chenyewe hakijaamua.

Akaweka alama kwenye "hai". Fomu ikaenda Uhamiaji, maana kilicho hai lazima kionyeshe kiliingia nchini kwa mpaka gani na kwa kibali cha nani. Uhamiaji wakakaa nayo siku tisa. Akabadilisha, akaweka "si hai". Ikaenda Ujenzi, nao wakauliza kitahitaji eneo la ukubwa gani. Yeye, kwa ukweli wake ule, akawajibu kwamba ukipanga virusi elfu thelathini kwa mstari hutapata hata milimita moja. Ujenzi wakaogopa, wakapeleka jalada kwa Waziri.

Waziri wetu wa Nafaka, Mheshimiwa Profesa wa Heshima Mkandawile, alikuja maabara kwa msafara wa magari kumi na moja. Akainama kwenye darubini, akachungulia muda mrefu. Jicho alilokuwa amelifumba ndilo lililokuwa kwenye darubini, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Sioni kitu," akasema.

"Mheshimiwa, kwa darubini hii hakionekani. Hapo nimeweka jani, ili uone madhara. Kirusi chenyewe ni kidogo mno."

"Kidogo kuliko nini?"

"Kuliko chochote unachoweza kukiona."

Waziri akanyooka. "Daktari, mimi nimezindua bwawa. Nimezindua uwanja wa ndege, ingawa ndege bado. Leo unataka nisimame mbele ya taifa nikate utepe wa kitu kisichoonekana? Si watasema nimezindua hewa?" Akamgeukia Mkurugenzi. "Kitengenezwe kikubwa. Angalau kama ng'ombe hivi. Na kiwe na uso wa heshima."

Basi mafundi wakaitwa, wakaanza kukitengeneza kwa fito, turubai na rangi. Kichwa cha kwanza kilikataliwa kwa kuwa kilifanana na mbunge mmoja. Siku moja Daktari alinikuta kwenye korido nimeshikilia ncha ya turubai, akasimama.

"Shomari, mvua bado wiki ngapi?"

"Tatu, Daktari."

"Mh," akasema, akaingia maabara kwake akafunga mlango.

*

Katikati ya hayo watumishi tukagawiwa mbegu, kila mtu mfuko wake wa Fahari, kama ilivyo desturi kila mwaka. Ukiukataa lazima ueleze, na ukieleza utakuwa umetaja. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasaini.

Jumamosi nikaupeleka Kisaunda. Sasa hapa naomba nisikilizwe vizuri. Sikuwa mjinga, wala sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa na mpango. Uzinduzi ulikuwa umepangiwa tarehe kumi na nne. Mvua zilitegemewa tarehe ishirini na nne au na tano, na dada yangu hapandi hata punje moja kabla ya mvua ya kwanza. Kwa hiyo Waziri atazindua, redio itatangaza, dada atasikia kwa njia halali, atapanda kunde, na ule mfuko utakaa darini. Yeye salama, na mimi sijavunja sheria. Na nisingeupeleka, angeniuliza mbona mwaka huu mikono mitupu, naye dada yangu akiuliza hakubali jibu la nusunusu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hee, umekonda! Huko mjini hamli?" Akaupokea mfuko, akaupimapima mkononi. "Umefanya la maana. Mwaka jana yale ya kule nyuma yaliingia unjano, yakakauka yamesimama. Sijui jua, sijui nini. Mbegu hii ndiyo itakayonitoa."

"Inshallah," nikasema. Nikakaa kwenye kigoda chake nusu saa nzima, tukaongea habari za watu wengine.

*

Tarehe kumi na nne ikafika. Mahema yalikuwepo, viti vyenye vitambaa, kwaya tatu, ngoma mbili. Kirusi kilisimama katikati ya uwanja, kikubwa kama ng'ombe kweli, kina macho mawili na tabasamu, maana mke wa Waziri alikuwa ameomba kisitishe watoto.

Na mimi nilikuwa na utepe wangu. Ni lazima nieleze desturi ya kitengo chetu: rangi ya utepe hufuata kitu kinachozinduliwa. Kisima, bluu. Barabara, nyeusi. Zahanati, nyeupe. Kwa kirusi hapakuwa na mwongozo wowote, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe maabara, nikalitazama lile bua la Daktari kwa makini, nikachagua manjano. Manjano safi, ya kung'aa, mita nne. Niliupiga pasi mara mbili. Siwezi kuficha, jamani, nilijisikia vizuri sana kwa utepe ule.

Waziri akashuka garini, akaanza kutembea juu ya zulia, akauona utepe, akasimama. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Manjano ni rangi ya chama cha upinzani. Nilikuwa najua? Nilikuwa najua, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini wiki zile kichwani mwangu mlikuwa na mahindi tu, kila nikifumba macho naona mahindi.

"Nani kafunga hiki?" Waziri akauliza.

Hakuna aliyejibu, maana watu wote walikuwa wameshanigeukia. Nikajaribu kusema ni rangi ya majani, Mheshimiwa, majani yanapougua. Waziri akarudi garini, na yale magari kumi na moja yakageuza moja baada ya jingine, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba.

Kabla hatujamaliza kukunja viti, taarifa ikawa imetoka. Uzinduzi umeahirishwa mwezi mmoja, ili kuchunguza ni kwa namna gani ugonjwa wa mahindi umeingiliwa na siasa. Ripoti ya Daktari irekebishwe, neno manjano lifutwe katika kurasa zote, mahali pake liandikwe dhahabu. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na niliambiwa nishukuru.

Mwezi mmoja, na mvua zilikuwa zimebaki siku kumi.

Daktari alinifuata pale pale uwanjani. Hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. "Shomari, una ndugu anayelima?"

"Dada yangu. Yuko Kisaunda."

"Mwambie leo."

"Daktari, sheria…"

"Sheria naijua. Mwambie leo."

Nikatazama viatu vyangu. Akasema, bila hasira, "Basi nitamwambia mimi. Nielekeze njia." Nikamwelekeza. Hata ramani nilimchorea, nyuma ya ratiba ya uzinduzi, nikamwonyesha mto na mahali pa kuvukia.

*

Kesho yake hakuja kazini. Alikuwa ameshika njia, kijiji kwa kijiji, na mabuti yake na bua lake mkononi. Alianzia Kibanio, akaenda Lwami, akafika Nyakasunga. Alikuwa akisimama kwenye magulio, anawaonyesha watu bua, anawaambia msipande Fahari, msipande mahindi yoyote mwaka huu, pandeni kunde. Hakuwa na kipaza sauti, hakuimbiwa na kwaya, wala hakuna aliyekata chochote. Hata hivyo watu, sijui kwa nini, walimsikiliza.

Siku ya tatu Mkurugenzi akaniita. Alikuwa anajipepea kwa jalada.

"Shomari. Daktari yuko wapi?"

Mimi sijui kuwadanganya wakubwa. Nikiulizwa najibu, ndivyo nilivyozoezwa kwa miaka kumi na tisa. Ulimi ulijibu kabla mwenyewe sijafikiri.

"Anaelekea Kisaunda," nikasema.

"Kwa njia ipi?"

"Ya mtoni."

"Asante, Shomari," Mkurugenzi akasema. "Wewe ni mtumishi."

Walimkamata kivukoni, upande wa huku. Wanasema alikuwa ameshavua mabuti ameyashika mkononi, anangoja maji yapungue avuke. Kosa lake lilikuwa kutaja kitu kisichozinduliwa, tena kukitaja mbele ya watu zaidi ya kumi. Bua lilichukuliwa kuwa kielelezo, na kwa kuwa kituo cha polisi kina chumba kimoja tu chenye kufuli, wakaliweka humo, juu ya mifuko ya mbegu za shamba la askari.

Mchana ule kantini wenzangu walikuwa wanachekea jambo fulani, nikacheka nao.

Nilikuwa bado na siku saba. Hili nalisema mwenyewe, hakuna aliyeniuliza. Siku saba nzima, na Kisaunda ni mwendo wa nusu siku. Ningeweza kwenda, nikamwita dada pembeni, nikamnong'oneza neno moja la kunde, nikarudi. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda. Kila asubuhi nikakiona kichwani kile kivuko, na askari wawili wamekaa juu ya jiwe, nikaenda zangu kazini kupiga pasi utepe mwekundu. Niliogopa. Nimetafuta neno jingine la kiungwana zaidi, sijalipata.

Mvua zikaja tarehe ishirini na nne, zikiwa zimezinduliwa siku moja kabla, kwa utaratibu mzuri kabisa.

*

Mwezi mmoja ukawa miwili na nusu, kwa sababu Waziri alisafiri kwenda kwenye mkutano wa kimataifa wa kuharakisha maamuzi, na mkutano wenyewe ukaongezewa muda. Tulipokusanyika tena uwanjani, mahindi ya nchi nzima yalikuwa yamefika kifuani. Njiani kuja, madereva wa msafara waliagizwa wapandishe vioo vyeusi vya magari, Mheshimiwa asije akaona kitu kabla hajakizindua.

Utepe ulikuwa mwekundu. Nilikuwa nimeuombea kibali kwa maandishi.

"Ndugu wananchi!" Waziri akasema. "Kwa mamlaka niliyopewa, leo, saa nne na dakika kumi na mbili, natamka rasmi kwamba kirusi hiki kipo!"

Vigelegele.

"Iko nchi jirani, sitaitaja, ina ugonjwa wa mahindi wa kuletewa. Ugonjwa wa msaada! Sisi tumekataa. Kirusi hiki kimezaliwa hapa, kimelelewa hapa, katika Shamba letu wenyewe la Taifa, na kimechunguzwa na wataalamu wetu wenyewe!"

Mtaalamu mwenyewe alikuwa rumande, kwa hiyo maelezo yake yalisomwa na Mkurugenzi, ambaye kila alipofika kwenye neno gumu alikohoa na kuruka mstari. Waziri akarudi kwenye kipaza sauti.

"Na majani yake, ndugu zangu, yamekuwa ya dhahabu! Hebu niambieni, nani kati yenu aliwahi kumiliki shamba la dhahabu?"

Nyuma kabisa mkulima mmoja akanyoosha mkono. Nadhani alifikiri anaulizwa kweli. Jirani yake akaushika ule mkono akaushusha taratibu, akaendelea kuushikilia.

Utepe ukakatwa. Nikaokota vipande. Kila mgeni akapewa mfuko mmoja wa Fahari wa kumbukumbu, kwa matumizi ya msimu ujao. Mchana redio ikatangaza kwamba ugonjwa upo kuanzia leo, na wakulima wanashauriwa wasipande mahindi masika haya. Ama mahindi yaliyobadilika rangi kabla ya saa nne na dakika kumi na mbili, taarifa ikafafanua, hayo hayakuugua kitu.

Sasa nilikuwa na ruhusa ya kusema. Nikaomba likizo ya siku mbili, nikaenda kumwambia dada yangu.

*

Kibanio, Lwami na Nyakasunga nilizipita mchana. Kunde zilikuwa zimetambaa mpaka barabarani, na wanawake walikuwa wanachuma majani ya mboga wakiitana shamba hadi shamba. Nikateremka mtoni. Nikavuka.

Upande wa pili yalikuwa manjano tangu kivukoni hadi kilimani. Hapa nimeshika kalamu mwenyewe, siandiki dhahabu.

Dada alikuwa shambani peke yake, anang'oa. Mistari mitatu alikuwa ameshaimaliza, yuko wa nne. Kila akilitoa bua analikung'uta udongo, analitupa juu ya lundo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Dada, nimekuja kukwambia. Huu ni ugonjwa. Umezinduliwa jana. Kinachosababisha ni kirusi, na…"

"Nimesikia redioni." Akang'oa, akakung'uta, akatupa. "Wenzetu wa ng'ambo wamepanda kunde. Wanasema kuna mama mmoja alipita kwao kabla ya mvua, ana mabuti ya mpira, akawaambia. Eti alikuwa anakuja na huku. Wakamkamatia pale mtoni."

"Ndiyo."

"Unamjua?"

"Tunafanya naye kazi."

Hapo akanyooka, mkono mmoja kiunoni, akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, au kwa jambo jingine. "Kwa hiyo ulijua," akasema.

Jibu nilikuwa nalo. Kifungu cha tatu cha Sheria ya Uzinduzi nakijua kwa moyo, hata ukiniamsha usingizini. Nikafungua kinywa. "Dada, wakati ule kilikuwa bado hakija…"

"Siiulizi serikali, Shomari. Nakuuliza wewe. Siku ile umeniletea mfuko, umekaa kwangu, tumecheka. Ulijua?"

"Nilijua."

Nilitamani apige kelele, anitukane, anitupie hata bonge la udongo. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akainama, akarudi kwenye mstari wake. Alikuwa anang'oa kwa mwendo ule ule, wala hakuongeza wala hakupunguza.

Nikavua shati langu la kazi. Nikaingia mstari wa tano, pembeni yake, nikainama, nikashika bua la kwanza. Nilitaka kufanya kitu jamani, kitu chochote. Lilitoka bila nguvu, mizizi imeoza.

"Acha," dada akasema.

"Tusaidiane, dada. Mistari bado mingi."

"Acha, Shomari. Nitang'oa mwenyewe."

Nikaliweka lile bua chini, pale pale nilipolitoa. Nikatoka shambani, nikasimama njiani na shati langu mkononi. Dada akamaliza mstari wa nne, akageuka, akaingia wa tano. Akang'oa bua moja moja, anakung'uta, anatupa kwenye lundo, mpaka akafika mwisho wa mstari. Lile nililong'oa mimi aliliruka.